Sinki la Kimo Chako

Mama,

Hukujua kusoma, na hilo halikuwahi kukuzuia kuniambia kwamba naandika vibaya. Ulikuwa unaishika karatasi juu chini, unaitazama kwa makini, kisha unanirudishia. "Robi, maneno yamebanana. Yaachie nafasi yapumue." Basi leo nimeyaachia nafasi. Nimekaa kwenye kigoda chako cha jikoni, karatasi nimeiweka juu ya ungo, na mji umetulia kwa sababu watoto wako shule na ng'ombe hawapo. Habari ya ng'ombe nitaifikia.

Nianze na ile unayoitaka. Sinki limefungwa.

Naianza hiyo kwa sababu najua ndiyo ungeiuliza kwanza. Hata kule wodini, mimi nimekaa pembeni ya kitanda, nimeushika mkono wako uliovimba, nangoja uniambie neno moja tu, ulifumbua macho ukaniuliza, "Fundi amekuja?" Nikasema bado. Ukafumba macho, na hukuyafumbua tena. Wenzangu wakisimulia walivyoagana na mama zao, huyu alibarikiwa, yule aliwekewa mkono kichwani, mimi nainuka naenda kutazama chungu. Niwaambie nini? Kwamba mimi niliachiwa swali la fundi?

Limefungwa, limesimama imara, linatoa maji, halivuji. Natumaini umefurahi huko uliko. Mimi nina hasira, Mama. Nimejaribu kungoja ipungue ndipo nikuandikie, nikaona haipungui, nikaamua niandike nayo hivyo hivyo.

Ngoja nikukumbushe mambo machache, maana naona uliondoka umeyasahau. Ulinioa. Mzee Chacha, mume wako, alifariki hamjabahatika mtoto, na wewe hukutaka jina lake lizimike. Ukafanya wanavyofanya wanawake wa Kikurya wakifikwa na hali hiyo: ukaenda upande wa Tarime, ukatoa ng'ombe, ukamwoa msichana ili azae watoto wa mji wako. Ndiyo hiyo nyumba ntobu. Msichana mwenyewe ndiye mimi. Nilifika hapa Morotonga na begi moja na ndala mpya, nikamkuta mlangoni mwanamke mfupi kuliko wote niliowahi kuwaamkia. Nilipiga magoti kukuamkia na bado tukatazamana macho kwa macho. Ukasema, "Huyu kwa urefu huu atagonga kichwa mlangoni." Nikagonga kweli, siku hiyo hiyo, na ukacheka mpaka ukakaa chini.

Nikazaa. Chacha akapewa jina la mzee, Bhoke akapewa jina la mama yako. Watoto ni wa mji huu, na mimi ni mokamona, mke wa mwana ambaye hukujaliwa kumzaa. Majirani wanajua, wazee wa ukoo wanajua, hata mbuzi wanajua. Lakini kwetu jambo la mji halitoshi kujulikana. Lazima lisemwe, wazee wamekaa, mwenye mji amesimama, kila mtu anasikia. Ulitakiwa uwaite, usimame hapo uani, useme nyumba hii na ng'ombe hawa ni wa Robi na watoto wake, na siku ukifa mtu asiwasumbue. Maneno ya kumaliza kabla uji haujapoa.

Nilikuomba, Mama. Nilikuomba tukipalilia ulezi, nilikuomba tukipukuchua mahindi, nilikuomba ukiwa umefurahi na ukiwa umenuna. Ukasema baada ya mavuno. Mavuno yakapita, ukasema mvua ipungue kwanza, wazee wasije wakakwama na matope. Mvua ikapungua, ukaja na jingine. "Bafu likiisha. Mji haukabidhiwi nusu nusu." Na bafu lako lilikuwa na habari yake ndefu, ambayo chanzo chake ni wewe kwenda Natta na beberu na kurudi bila beberu.

Naikumbuka siku ile vizuri. Ulikwenda kumsalimia dada yako, ambaye mwanawe anafanya kazi kwenye kambi moja ya watalii huko. Kambini walikuwa wanabadilisha vyombo vya bafuni, vya zamani wakavirundika nyuma ya jiko, na wewe ukapelekwa kutembezwa. Ukamwona mama mmoja wa Kizungu, kikongwe kama wewe, ananawa uso amesimama wima, mgongo umenyooka, maji yanamfuata mikononi. Hukulala usiku wa siku hiyo, kwa maelezo yako mwenyewe. Asubuhi beberu akabaki Natta, wewe ukarudi na sinki la mguu, kwenye lori la mchanga, umekaa mbele na dereva. Bakuli ulikuwa umelipakata. Mguu wake, ule wa kusimamia, ulikuwa umeufunga khanga kama mtoto aliyelala. Dereva akashuka kukusaidia na ukamkatalia.

Nikakuuliza tunalipeleka wapi, na hatuna bafu, tuna banda la mabati na jiwe la kukanyagia. Ukanijibu hapo hapo, hujavua hata viatu. "Kulima nainama. Kufua nainama. Kufagia nainama. Wakwe nimewaamkia nimeinama tangu nikiwa msichana. Uso wangu mwenyewe nitaunawa nimesimama." Sikukucheka. Nilikuwa nakuona kila asubuhi juu ya beseni, mkono mmoja kiunoni, unavyoinuka kwa awamu.

Basi tukajenga. Chumba cha nyuma, kile tulichokuwa tunawekea mahindi, kikawa bafu. Tangi likapandishwa juu ya nguzo za matofali, mfereji wa bati ukaelekezwa humo, shimo la maji machafu likachimbwa nyuma ya migomba. Fundi Shabani akaja kutoka Mugumu na baiskeli yake na kofia yake ya kufuma, na nyie wawili mkaanza kubishana kuanzia siku ya kwanza mpaka ukalazwa. Yeye alikuita Bibi kwa adabu zote, kisha anakwambia haiwezekani. Wewe unamkaribisha chai, kisha unamwambia itawezekana.

Kisa chenyewe kilikuwa kimo. Shabani alisimamisha mguu, akaweka bakuli juu yake, akakwambia, Bibi sogea. Ukasogea. Bakuli likakufika kifuani. Ungenawa kama mtoto anayechungulia dirishani, maji yote yanakuingia kwenye mikono ya gauni. Akasema haya mambo yanatengenezwa kwa kimo cha watu wa kawaida. Ukaweka mikono kiunoni, nikajua kitakachofuata si chema. "Na mimi si mtu wa kawaida? Chimba."

Akakueleza. Mguu wa sinki hukaa juu ya sakafu, siku ukiharibika unafungua skrubu, unautoa, unaweka mwingine. Ukichimbiwa chini ukamwagiwa zege hautoki tena ila kwa nyundo, na hapo unatoka vipande. Ukamuuliza, "Nani amekwambia unatoka?" Akanitazama mimi nikuombee akili. Nikatazama pembeni. Akachukua tindo, akachimba kwenye kona shimo la kina cha shibiri, na mabomba ya maji akayatokeza ukutani chini, kwa kimo chako. Ukasimama ukutani, ukanyoosha mikono kama unayenawa, na mimi nikachora mstari wa mkaa chini ya viganja vyako. Ulipotoka ulinigeukia ukatabasamu. Siku hiyo nilikupenda sana, na sikujua kama nitakuja kuukasirikia mstari wa mkaa.

Akasema atarudi zege la sakafu likikauka vizuri. Sinki likawekwa nyuma ya mlango, likafunikwa gunia. Kisha miguu yako ikaanza kuvimba.

Ulikufa, Mama. Sitaeleza jinsi, ulikuwepo.

Walikuja wengi. Waliimba, walilia, walikula. Kaburi lako liko nyuma ya nyumba, upande ule ule uliouonyesha. Kabla watu hawajatawanyika ndugu wa mzee Chacha wakakaa uani, na mzee Nyamhanga, shemeji yako, yule mdogo wa mume wako asiyependa maneno mengi, akatangaza utaratibu. Alisema Jumamosi ya wiki ijayo watarudi kugawa vitu vya marehemu. Alisema kinachobebeka kitagawiwa, kilichofukiwa ardhini kitabaki na mji. Na mji ni wa nani, mtu mmoja akauliza. Akasema hilo nalo litazungumzwa Jumamosi.

Aliyeuliza alikuwa Magige. Mtoto wa kaka yake mume wako, yule uliyekuwa unamfichia maziwa ya mgando alipokuwa mdogo. Alisimama na miwani yake ya jua, kwenye msiba, akasema mbele ya watu wote kwamba mwanamke hawezi kuoa mwanamke mpaka akaacha mjane, kwamba mimi nilikuwa msaidizi wa marehemu, na watoto wangu baba yao anajulikana na hakuzaliwa hapa. Msaidizi, Mama. Nilikuwa nimebeba sufuria la ugali. Nililiweka chini taratibu. Hakuna aliyemjibu, na si kwa sababu walikuwa wanakubaliana naye. Hawakuwa na neno lako la kumjibu nalo. Ningetaja lile ulilokuwa unaniambia jikoni wangeniuliza nani mwingine alisikia, na aliyesikia ni paka.

Baadaye akaingia ndani, akawa anapita chumba kwa chumba kama anayepangisha. Akalifunua lile gunia. Akaligonga bakuli kwa ufunguo wa pikipiki yake, akalisikiliza, akasema, "Hiki nacho kimo kwenye mgao. Kule kwangu Mugumu bafu limeshapigwa plasta." Kisha akalifunika tena vizuri, mtu anavyofunika cha kwake.

Hapo ndipo hasira iliponipa akili. Kinachobebeka kitagawiwa.

Nilimpigia Shabani kesho yake. Akaja, akatoa pole, akavua kofia, akaingia bafuni na kusimama juu ya lile shimo muda mrefu. Kisha akasema jambo la busara, nakiri. Alisema mwenye kimo hiki ameshaondoka, Mungu amrehemu. Aliyebaki ni mimi, na mimi ni mrefu. Tulifukie shimo, tuvunje ukuta kidogo, tuyapandishe mabomba, sinki likae juu ya sakafu kama masinki ya watu wengine. Alikuwa ameshakuja na mfuko wa saruji kwa ajili hiyo.

Nilikuwa na haki ya kusema ndiyo. Nyie wawili mlishamalizana, kazi ilikuwa inanisubiri mimi niamue. Na sikiliza kilichonifanya niseme hapana, usije ukadhani ni mapenzi. Nilimuuliza, likikaa juu ya sakafu, mtu mwenye spana atachukua muda gani kulitoa? Akasema hata chai haitapoa. Na likiwa ndani ya zege? Akanitazama, akaelewa, akavaa kofia yake. "Basi tulizike," akasema.

Tukafanya kazi siku nzima. Alilaza pima maji juu ya bakuli, akatia alama ukutani, akatoboa. Matofali yetu ya kuchoma yakawa yanamong'onyoka, akalazimika kuziba matundu kwa saruji na kutoboa tena pembeni. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli kwa mikono miwili, nimechuchumaa, kwa sababu kwa kimo hicho hata fundi anapiga magoti. Mguu ukashushwa shimoni. Ukayumba. Akauwekea vijiwe vitatu chini, akautuliza, akanirudisha nyuma kutazama kama umenyooka, akamwaga zege, akalilainisha kwa mwiko mpaka ungedhani sakafu ndiyo iliyouotesha. Akafunga skrubu za ukutani, kisha mipira ya maji, kisha koki, kila uzi wa bomba akauzungushia ile tepu nyeupe. Kule ambako bakuli linagusana na ukuta akapaka saruji nyeupe kwa kidole. Akaniambia nisiliguse mpaka Ijumaa. Alipofungua baiskeli yake kuondoka akasema ungembishia hata leo kwamba liko juu. Tukacheka. Kisha nikakaa kizingitini nikalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, na sababu ilikuwa ni hasira tupu, kwamba niko hapa nachimbia vitu ardhini kama mwizi, ndani ya nyumba yangu.

Jumamosi wakaja. Niliwanawisha wazee sebuleni kwa beseni na jagi, nimepiga magoti, kama unavyotaka. Wakala. Wakaanza kugawa. Mashuka yako, redio, majembe, cherehani, vile vyungu. Nilikaa karibu na mlango wa jikoni nikitazama maisha yetu yanavyotoka kwa mafungu. Magige akasema bado kuna sinki. Nikasema sinki limefungwa. Akacheka, akasema kilichofungwa hufunguliwa, akainuka akaingia bafuni.

Tulimsikia kutoka sebuleni. Alivuta. Akavuta tena. Nilipofika mlangoni alikuwa amepiga magoti, Mama, miwani imemshuka puani, amelikumbatia sinki lako kwa mikono miwili na shavu limegusa bakuli, analitikisa. Ukuta ulitikisika. Sinki halikutikisika. Ningekuwa na moyo mwepesi ningekuita uje uone.

Ndipo akafanya kosa ambalo hata mtoto wa Kikurya asingelifanya, lakini hasira za aibu zilikuwa zimempanda. Akaita kwa sauti, "Baba mdogo, njoo uone mwenyewe. Huyu amelitia zege juzi tu, halihesabiki. Njoo, ingia uone."

Mzee Nyamhanga aliinuka. Wengine wakamfuata. Alipita sebuleni, akashika korido, akafika kwenye mlango wa bafu, taulo langu limening'inia kwenye msumari, sabuni yangu iko kwenye kopo. Akasimama. Fimbo yake ilikuwa imeshavuka kizingiti, akairudisha nyuma. Akageuza uso ukutani kama mtu aliyemulikwa na jua. Wewe unajua, hukuhitaji kuelezwa: kwetu baba mkwe, wala ndugu yake, haingii anapooga mke wa mwana. Ni mwiko na ni aibu, ni afadhali apigwe na mvua nje kuliko kupita mlango huo. Lakini kama mimi ni msaidizi tu, kama mimi si mke wa mtu hapa, basi kile kilikuwa chumba cha kawaida, na angeingia, angeinama, angekagua, angetoka.

Magige bado yuko chini amekumbatia sinki, hajaelewa.

"Mura," mzee akamwambia, bado anatazama ukuta, "unataka niingie bafuni mwa mokamona wangu?"

Alikuwa amelitamka, wazee wanne wako nyuma yake kwenye korido, na mmoja wao akaguna kuitikia. Mokamona wangu. Magige akainuka taratibu, akapangusa magoti, akanipita bila kunitazama. Waliporudi kukaa, mzee akasema nyumba na shamba vibaki na mke wa mji na watoto wake, kwa sababu ameshindwa kuuvuka mlango na hawezi kusema kingine. Akaomba maji ya kunywa.

Unaona lilivyokuwa? Neno nililokuomba miaka yote, jepesi hivyo, limekuja kusemwa na mzee aliyeona haya mlangoni. Halikutoka kwako. Ulikuwa nalo mdomoni ukalingojesha sinki, ukaondoka nalo, nikalipata kwa bahati, kwa sababu mpumbavu mmoja alipiga kelele bafuni. Na kama Magige angenyamaza? Kama angetoka tu akasema haling'oki, tuendelee? Leo ningekuwa Tarime kwa kaka yangu, nimerudi na begi lile lile. Nalala na wazo hilo na kuamka nalo.

Na ng'ombe walikwenda. Ng'ombe wanatembea, hawachimbiwi. Mzee alisema mke amethibitika, nyumba imethibitika, lakini kuhusu ng'ombe hakuna aliyesikia marehemu akisema kitu. Nikasema yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika ulinipa Bhoke alipozaliwa. Wakaniuliza mbele ya nani. Magige aliwaswaga mwenyewe kuelekea Mugumu, na yule mwekundu alikuwa anageuka geuka getini kwa sababu ulikuwa muda wake wa kukamuliwa. Watoto sasa wanakunywa chai ya rangi. Chacha ameuliza mara moja tu, akaona uso wangu, hajauliza tena.

Mengine ni madogo. Paka wako analala kwenye ufagio. Jirani yetu Wankio amepata mjukuu na anasema anafanana na wewe kwa ubishi. Shamba la bondeni nimelipalilia peke yangu, na kwenye ule mstari wako wa mwisho, ulioupanda umepinda ukakataa kurudia, ulezi umetoka mzuri kuliko mistari yangu yote iliyonyooka. Nimeukasirikia huo pia.

Lakini nakukumbuka, usinielewe vibaya. Naamka naweka vikombe viwili. Juzi nimegonga kichwa mlangoni, baada ya miaka yote hii, nikasubiri nisikie mtu anacheka.

Sinki lako linanifika mapajani. Nikitaka kunawa uso nainama mpaka kiuno kinalalamika, kila asubuhi na kila jioni. Uliapa hutainama tena, na kweli hukuinama, umetuachia sisi. Shabani ameniambia nikichoka nimwite, atavunja, atanunua mguu mwingine, atalipandisha kwa kimo changu. Sitamwita. Hilo halitokani na upendo peke yake, nakwambia ukweli. Nataka liniume kidogo kila siku, nisije nikafanya ulivyofanya.

Kwa hiyo nakuaga kwa ahadi, na hii nitaitimiza. Wazee watarudi kulisakafia kaburi lako ulezi ukishaingia ghalani. Paa la jiko litakuwa bado linavuja, ukuta wa mbele utakuwa haujapigwa lipu, na sitangoja chochote kiishe. Nitasimama hapo uani, nina afya yangu na sauti yangu, niseme mbele ya wote kwamba kila kilicho changu ni cha Chacha na Bhoke, nusu kwa nusu, Bhoke naye, wapende wasipende. Nitawaambia majirani wasogee karibu wasikie. Nitasema mara mbili. Wanangu hawatakaa wangoje mtu aone haya mlangoni ndipo wajue kwao ni wapi.

Pumzika, Mama. Nimekusamehe upande mmoja, upande mwingine nipe muda.

Naenda kunawa uso sasa, maana watoto wanakaribia kutoka shule na hukupenda wakute mtu amelia. Nitainama, kama kila siku.

Mke wa mji wako,
Robi